Kiti cha Kushoto

Kila asubuhi nikiwasha motoka, sauti ya mwanamke
inazungumza Kijapani ndani ya dashibodi,
taratibu, kama mtu anayekupa kikombe kwa mikono miwili.
Majirani zangu wa Nguba huuliza: Anasema nini?
Nawajibu: Anatutakia safari njema.
Uongo. Anasema, Kadi haijaingizwa.
Miaka sita sasa anaidai kadi ya barabara ya kulipia
iliyo upande wa pili wa dunia,
na mimi sina moyo wa kumkata waya.

Nyuma imeandikwa Chaser. Watoto wa mtaa wanasoma Cheza,
nao hawajakosea.
Kule Toyama nilicheza. Mchana nilipakia magari melini,
usiku wa Jumamosi nikapanda mlima na akina Shimizu,
Mushi mmoja katikati ya watu
wanaoosha injini kama tunavyoosha vikombe vya wageni.
Hakuna aliyepiga honi. Kona ishirini na saba,
gia ya tatu, ya pili, matairi yakinong'ona,
halafu kileleni kahawa ya kopo
kutoka mashine inayowaka gizani peke yake,
na kila mtu ameinamia boneti ya mwenzake.
Kule ukipishwa njia, unawasha taa za hatari mara mbili:
ahsante.

Nikawasha vivyo hivyo Panzi, wiki ya kwanza niliporudi.
Lori lililonipisha likasimama.
Dereva akashuka na jeki begani: Ndugu, imekufia wapi?
Niliona aibu kumwambia nilikuwa nashukuru tu.
Tukafungua boneti, tukaitazama injini nzima.
Ni nzima, akasema, akaniomba sigara.

Tatizo ni usukani. Uko kuume,
na nchi yetu inatembelea kuume,
basi ukifuata lori huoni kinachokuja,
unaona mgongo wa lori.
Aliye kushoto ndiye mwenye barabara yote.
Hana usukani, hana breki. Ana mdomo.

Leo kushoto ameketi mama mkwe, Mama Nsimire.
Kaka yake anazikwa Uvira saa nane,
na basi la asubuhi lilijaa.
Siku ile ya kujitambulisha alinipima mlangoni toka viatu hadi nywele:
Umekaa Ujapani miaka tisa,
ukarudi na motoka ambayo usukani umepotea njia?
Hakuniambia pita.
Mdogo wake ndiye aliyenivuta mkono, nikaingia.

Ngomo. Vumbi, bonde lisilo na ukingo,
na mbele yetu lori la bia, makreti yanagongana meno.
Mkono wangu ulishakumbuka: ya tatu, ya pili.
Mama ameshika mkanda kwa mikono yote,
mguu wake unakanyaga breki
ambayo Wajapani hawakumwekea.

Mama, kuna kitu?
Kimya. Moshi mweusi.
Mama?
Ngoja.
Nikangoja. Zikatokea pikipiki tatu na makaa,
nyuma yake basi dogo, limejaa upana wote wa njia,
dereva anaongea na simu.
Likapita. Nikapumua.
Hatukusema lolote mimi na yeye,
ila mguu wake ulitulia.

Kona nyingine. Akatoa shingo dirishani,
kilemba kinapepea, akaitazama
barabara niliyonyimwa macho yake,
akaitazama sana, kama mtu anayehesabu chenji,
kisha, bila kunigeukia:

Sasa. Pita.

Cheza ikanguruma kama usiku ule wa mlimani,
makreti yakatuimbia ubavuni, tukatokea mbele kwenye jua.
Nikawasha taa za hatari, mara mbili.

Hizo taa ni za nini? akauliza.
Sikumjibu upesi.
Kwenye kioo niliona lori linapunguza mwendo,
na mtu amekwisha kuning'inia mlangoni,
jeki mkononi,
anatafuta tumesimama wapi.